TETEMEKO LA LISBON MWAKA 1755 NA NDIMI ZETU SISI WAHUBIRI



Ndugu zangu wafuatiliaji wa ukurasa huu, somo la leo ni refu kidogo. Mwenye haraka alihifadhi, alisome baada ya Isha kwa utulivu. Tuwe pamoja.

Kijana wetu mmoja, mzaliwa wa pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, yuko Lisbon nchini Ureno anatafuta riziki. Ameniandikia kwenye ujumbe wa faragha. Mreno anayefanya naye kazi amempa zawadi ya albamu ya bendi ya kwao inayoitwa Moonspell. Ni wale wapigaji wa magitaa mazito, muziki wa metali, tena ile aina yenye giza wanayoiita gothiki. Wavaa nguo nyeusi, sauti za kunguruma. Wenzake anaokaa nao chumba kimoja wakamwambia aitupe haraka, hao ni waabudu mashetani. Yeye anakijua Kireno, akayasoma maneno ya nyimbo, akaona kumbe ni habari ya tetemeko la ardhi. Akaniuliza maswali mawili. La kwanza: Shehe, huu ni muziki wa shetani? La pili: ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu aliuadhibu mji wa Lisbon kwa dhambi zake?

Swali la kwanza nitalijibu mwishoni kwa maneno machache. Hilo la pili ndilo lililonifanya nikae kuandika, maana linatuhusu mimi na wewe kuliko linavyowahusu Wareno.

Kwanza tujue kilichotokea. Sisi tuliosoma sekondari hapa kwetu, historia ya Wareno tunaijua kwa Vasco da Gama, kuvamiwa kwa Kilwa na Mombasa mwaka 1505, kujengwa kwa Fort Jesus kuanzia 1593, na kufukuzwa kwao na Waomani mwaka 1698. Baada ya hapo daftari linafungwa. Lakini huko kwao maisha yaliendelea, na likawafika jambo kubwa.

Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Jumamosi, Wakristo wa Lisbon walikuwa katika sikukuu yao ya Watakatifu Wote. Makanisa yamejaa watu, mishumaa inawaka kila mahali. Kiasi cha saa tatu na nusu asubuhi hadi saa nne kasoro ardhi ikatikisika, na ikaendelea kutikisika kwa dakika kadhaa. Mawe ya makanisa yakawaangukia waliokuwa ndani wakisali. Waliosalimika wakakimbilia ukingoni mwa mto Tagus, wakidhani mahali pa wazi ndipo pa usalama. Haikupita saa moja, mawimbi ya tsunami yakaingia kutoka baharini na kuwafuata huko huko. Na ile mishumaa, pamoja na moto wa majikoni, ikawasha mji. Moto uliwaka siku kama tano. Jumba la mfalme pale mtoni likaangamia pamoja na maktaba yake. Hospitali kuu ya mji ikaungua na wagonjwa ndani. Hesabu za waliokufa zinatofautiana, lakini wanahistoria wanataja makumi ya maelfu, katika mji uliokuwa na watu kama laki mbili.

Hiyo ndiyo habari ambayo Moonspell waliitengenezea albamu nzima, ikatoka mwezi Novemba 2017. Jina lake ni mwaka wenyewe: 1755. Bendi hiyo kwa miaka mingi imekuwa ikiimba zaidi kwa Kiingereza ili isikike duniani, lakini albamu hii yote wakaiimba kwa Kireno, maana msiba wa kwenu husimuliwa kwa lugha ya mama zenu. Kuna wimbo unaoitwa kwa tarehe ya siku ile, kuna unaoitwa "Ruínas", yaani magofu, na kuna "Todos os Santos", Watakatifu Wote. Na ule wa kwanza kabisa unaitwa "Em Nome do Medo": Kwa Jina la Hofu.

Sisi wenye kusimama kwenye minbari tulitazame hilo jina la wimbo wa kwanza. Kwa nini watu wanaosimulia tetemeko waanze na hofu iliyofanywa kama jina la kuanzia ibada? Kwa sababu kilichofuata baada ya ardhi kutulia ni ndimi za watu wa dini.

Kulikuwa na padri Mjesuiti, Gabriel Malagrida, mtu mashuhuri, aliyekuwa amehubiri miaka mingi Brazil. Mwaka 1756 akachapisha kijitabu cha kueleza kile alichokiita sababu ya kweli ya tetemeko. Akawalaumu waliosema kwamba ni mambo ya ardhi yenye kutokea. Kwake yeye sababu ilikuwa moja tu, dhambi za watu wa Lisbon. Sasa vuka bahari uende Uingereza. Huko mhubiri wa Kiprotestanti, John Wesley, naye akaandika, na miongoni mwa aliyoyataja ni damu iliyomwagwa na mahakama ya kanisa Katoliki iliyokuwa ikiwasaka waliohesabiwa wapotovu wa imani. Umeona? Tetemeko ni lile lile. Mkatoliki analisoma kuwa watu hawakushika Ukatoliki vya kutosha. Mprotestanti analisoma kuwa ni ubaya wa Ukatoliki. Kila mmoja alikuwa na hukumu yake tangu jana yake, tetemeko likampa nafasi ya kuisema kwa sauti kubwa zaidi.

Na usicheke, ndugu yangu Muislamu. Najua wapo kati yetu wanaosoma hapa na tayari wanasema moyoni: "Hawa si ndio waliovamia Kilwa na Mombasa? Basi Allah aliwalipa." Nilijua mtasema. Sasa nisikilizeni.

Tetemeko lile halikuishia Lisbon. Lilivuka bahari hadi Moroko, nchi ya Waislamu, nchi ya wanavyuoni na mahafidhi. Fez ilipata madhara, Meknes iliharibika vibaya, na mawimbi yalipiga miji ya pwani. Pale Rabat nguzo za msikiti mkubwa wa Hassan, ule ambao ujenzi wake haukumalizika, ziliangushwa na tetemeko hilo hilo. Watu wa Meknes walichoma mji gani wa Waswahili? Na ndani ya Lisbon yenyewe walikuwemo Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu na kutumikishwa utumwani. Kuta ziliwaangukia nao. Je, mtumwa aliadhibiwa kwa dhambi ya bwana wake?

Tena liangalie hili. Makanisa makubwa ya bondeni yaliporomoka, na mtaa wa kale wa Alfama ukasalimika zaidi. Alfama ni jina la asili ya Kiarabu, lilibaki tangu zama Waislamu walipokuwa wakiutawala mji huo, kabla ya mwaka 1147. Je, tuseme Allah aliwapenda zaidi watu wa Alfama wa mwaka 1755? Hapana. Alfama umekaa juu ya mwamba, na bondeni nyumba zilisimama juu ya udongo laini. Anayetaka kusoma hukumu ya Allah kwenye ramani ya nyumba zilizoanguka, atapotea njia kwenye mtaa wa kwanza tu.

Sasa tuje kwenye dini yetu, maana hapa ndipo penye somo.

KWANZA: Tunajua kwamba kaumu ya Aad na kaumu ya Thamud waliangamizwa kwa kuasi. Tunajua vipi? Kwa wahyi. Mwenyezi Mungu Mwenyewe ndiye aliyetuambia. Na wahyi umefungwa kwa Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Baada yake, mtu akisimama na kusema "Msiba huu umewapata watu fulani kwa sababu ya dhambi fulani", muulize kwa adabu: umeletewa na Malaika gani? Hilo ni jambo la ghaibu, na kulisemea ghaibu bila elimu ni dhambi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

PILI: Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa. Watu wakaanza kusema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Fikiri, hakuna nafasi nzuri kuliko hiyo kwa mtu anayetaka kutisha watu au kujitukuza. Lakini Mtume (s.a.w.), na machungu yote ya kumzika mwanawe, aliwasahihisha. Akawafundisha kuwa jua na mwezi ni katika alama za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote, na wakiona hayo waswali na waombe. Hakuwaachia watu fikra ya uongo hata ilipokuwa inampa utukufu.

TATU: Tauni ya Amwas, huko Sham, wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.). Ilimchukua Abu Ubayda bin Al-Jarrah. Ikamchukua Muadh bin Jabal. Hao ni Masahaba wakubwa. Nani atathubutu kusema walikufa kwa uovu wao? Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayekufa kwa tauni, anayezama majini na anayeangukiwa na jengo katika waumini, anahesabiwa shahidi. Basi yule unayemsimanga kwenye klipu yako ya dakika mbili, huenda yuko kwenye daraja ambalo wewe hulioni hata kwa darubini.

Nasikia mtu ananiuliza: "Shehe, mbona unawaondolea watu khofu? Qur'ani si imesema, katika Suratu Shura, kwamba misiba inatupata kwa yale yaliyochumwa na mikono yetu?" Naam, imesema, na imeongeza kuwa Allah anasamehe mengi. Aya hiyo ni kioo. Kioo unajitazama wewe mwenyewe, humuelekezei jirani. Imepokewa pia kuwa Madina ilitikisika wakati wa Sayyidna Umar, naye akawakemea watu kwa mambo waliyoyazua. Lakini aliwaambia nani? Watu wa mji wake, yeye akiwa ndani yake, ardhi ikitikisika chini ya miguu yake mwenyewe. Hakuwa amekaa mji mwingine ulio salama, anakunywa maji, anawahukumu waliofukiwa na vifusi. Bi Aisha (r.a.) naye amesimulia jinsi uso wa Mtume (s.a.w.) ulivyokuwa ukibadilika akiona wingu zito au upepo, anaingia na kutoka, hatulii mpaka mvua inyeshe. Mbora wa viumbe anaogopa kwa ajili yake na umma wake. Hiyo ndiyo khofu ya dini: inaanzia kwako. Ile inayoanzia kwa mwenzako na kuishia kwa mwenzako si khofu ya Allah, ni kiburi kilichovaa kanzu.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaifukia Katesh na vijiji jirani. Walikufa zaidi ya watu 80. Kabla miili haijamalizika kutafutwa, simu zetu zikaanza kupokea sauti: ni zinaa, ni ushirikina, ni hiki, ni kile. Mwaka huo huo mwezi Septemba, tetemeko la milima ya Al Haouz kule Moroko liliua karibu watu elfu tatu, na baada ya siku chache tu mafuriko yakaizoa Derna kule Libya. Kote huko ni kwa ndugu zetu Waislamu, na sauti ni zile zile. Mama aliyempoteza mume na watoto usiku mmoja, amekaa kwenye hema, anapokea kutoka kwa nduguye ujumbe wa shehe asiyemjua, unaomwambia kuwa watoto wake walistahili. Unadhani mama huyo atakimbilia msikitini kutubia? Wengine ndiyo siku wanayoondoka kwenye dini wasirudi. Na wewe mtuma ujumbe utaulizwa.

Liko na baya jingine. Hukumu za haraka zinafunika uzembe wa binadamu. Meli ya Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilikuwa imepakia watu kupita kiasi chake. Ni qadari ya Allah? Ndiyo, hakuna kitu nje ya qadari. Lakini kusema "ni qadari" na kunyamaza, au kusema "ni dhambi za abiria", kunamfanya aliyejaza watu na aliyeruhusu chombo kiondoke walale usingizi mzuri. Qadari tunaiamini kwa ajili ya kuvumilia. Haikuletwa ili iwe mahali pa kujificha mwenye makosa.

Tazama tena Lisbon. Waziri wa mfalme, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, hakungoja mjadala wa nani kakosa. Maiti zilipakiwa kwenye mashua na kuzikwa baharini ili maradhi yasienee. Chakula kikagawiwa. Parokia zikapelekewa maswali: tetemeko lilichukua muda gani, bahari ilipanda au ilishuka kwanza, wamekufa wangapi. Wakajenga upya nyumba zenye fremu ya mbao ndani ya kuta ili zihimili mtikisiko mwingine. Huyu si mtu wa dini yetu, na alikuwa na ukatili wake. Yule padri Malagrida alifungwa, na mwaka 1761 akanyongwa na mwili wake kuchomwa hadharani mbele ya umati. Huo ni udhalimu, na mimi siungi mkono kumchoma mtu kwa sababu ya maandishi yake, hata yawe mabaya vipi. Lakini ile kazi ya kuzika, kulisha, kuuliza na kujenga imara, hiyo ilikuwa haki. Na inaniuma kwamba katika habari hii ya 1755 anayekumbukwa kwa kazi hiyo ni waziri, na mtu wa dini anakumbukwa kwa kijitabu cha lawama.

Basi ndio maana nasema vijana wale wa magitaa wametugusa penye kidonda. Mimi sikubaliani nao kwa kila kitu. Tangu siku zile Ulaya kuna watu waliolichukua tetemeko la Lisbon kama hoja ya kumkataa Mungu au kumlaumu. Voltaire wa Ufaransa aliandika juu yake, na muziki kama huu unakaa karibu na malalamiko hayo. Sisi tunasoma Suratul Kahf kila Ijumaa. Tunajua kisa cha Nabii Musa na mja mwema: jahazi linatobolewa, na hekima yake haionekani mpaka baadaye. Mola wetu hahojiwi kwa analolifanya. Lakini angalia kisa chenyewe kinafundisha nini: hata Nabii Musa (a.s.) hakuijua sababu mpaka alipoelezwa. Sasa wewe na mimi tumeijua sababu ya Hanang kwa njia gani? Anayesema "Mungu hayupo kwa sababu nimeona msiba" na anayesema "Najua kwa nini Mungu kaleta msiba" wote wawili wamedai kujua wasichokijua. Na mara nyingi wa pili ndiye aliyemzaa wa kwanza.

Ninachowaomba makhatibu wenzangu ni hiki. Msiba ukitokea, khutba ya Ijumaa ile iwe na mambo manne tu. Waombeeni dua waliokufa na majeruhi. Changisheni pale pale, kabla watu hawajatawanyika. Wahimizeni watu istighfari, kila mmoja na nafsi yake, na khatibu awe wa kwanza. Kisha waulizeni viongozi kwa heshima: tahadhari ilitolewa? Nyumba zilijengwa wapi? Nini kifanyike lisirudi? Baada ya hapo shukeni kwenye minbari. Na nyinyi mnaosikiliza, ikiwafikia klipu ya kuwahukumu wafu, msiitume mbele. Ifuteni. Hiyo peke yake ni sadaka.

Sasa kijana wangu wa Lisbon, nikujibu swali lako la kwanza. Kuhusu muziki na ala zake, msimamo wangu unaujua na sijaubadilisha: mimi ni katika wanaojiepusha, na nakunasihi ujiepushe. Wala simtetei Moonspell kwa nyimbo zao zote za miaka yote. Lakini kwa albamu hii uliyoniuliza, usimwite mwenzako mwabudu shetani. Amekupa kumbukumbu ya wafu wa mji wake. Mshukuru, mwambie umesoma habari ile na imekuhuzunisha. Kama hutaki kusikiliza, panda kilimani ukalitazame gofu la kanisa la Carmo, ambalo limeachwa bila paa mpaka leo ili watu wakumbuke. Simama pale, soma Suratu Zilzala moyoni mwako, na ukumbuke siku ambayo ardhi itatikiswa mtikiso wake wa mwisho na kutoa habari zake. Siku hiyo hakuna atakayeulizwa dhambi za Lisbon. Kila mmoja ataonyeshwa zake, hata zikiwa na uzito wa chembe.

Ewe Mola wetu, warehemu waliozama, waliofukiwa na walioungua katika waja wako waumini. Wape subira waliobaki. Zihifadhi ndimi zetu sisi tunaosema kwa jina lako, tusiseme tusilolijua. Na utujaalie misiba ya wenzetu iwe mawaidha kwetu, isiwe silaha mikononi mwetu. Aamin.

Wallahu a'alam. Mfikishie na mwenzako, hasa aliye na kipaza sauti mkononi.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.